WASIFU WA CLYDE TOMBAUGH, MGUNDUZI WA PLUTO

Clyde William Tombaugh alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 huko Streator, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Mtahiniwa wa Historia anaweza kuikumbuka tarehe hiyo bila taabu: huku kwetu Vita vya Majimaji vilikuwa bado vinaendelea, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Rufiji, alikuwa amekwisha kunyongwa na Wajerumani miezi sita kabla. Tombaugh hakuwa mtu wa vita wala wa siasa. Alikuwa mtoto wa mkulima, wa kwanza kati ya watoto sita, na anakumbukwa kwa sababu akiwa na umri wa miaka 24, bila shahada yoyote, aligundua Pluto.

Mapenzi yake ya nyota yalianzia nyumbani. Baba yake mdogo alikuwa na darubini ndogo, na Clyde na baba yake walikuwa wakiitumia kutazama mwezi na sayari. Mwaka 1922 familia ilihamia shambani karibu na Burdett, jimbo la Kansas, ambako walilima ngano na nafaka nyingine. Kijana alimaliza sekondari akiwa na nia ya kwenda chuo kikuu. Kisha ikanyesha mvua ya mawe, ikaliangusha shamba zima. Mkulima wa bonde la Rufiji aliyeona mafuriko ya 2024 yakifunika mpunga na mahindi yake hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Fedha ya chuo ilikuwa ndani ya yale mazao. Clyde akabaki shambani.

Hakuwa na fedha ya kununua darubini nzuri, kwa hiyo aliamua kuitengeneza. Ya kwanza, aliyoimaliza mwaka 1926, haikumridhisha. Tatizo lilikuwa kioo. Kioo cha darubini husuguliwa kwa mkono mpaka kipate mbonyeo sahihi kabisa, na ili kukipima inatakiwa hewa tulivu isiyobadilika joto. Juu ya ardhi ya Kansas, upepo hautulii. Akachukua sururu na koleo, akachimba shimo lenye urefu wa zaidi ya mita 7 na kina cha zaidi ya mita 2, humo akapimia vioo vyake. Baba yake alikubali shimo hilo lichimbwe kwa kuwa lingefaa pia kuhifadhia chakula na kujificha wakati wa tufani. Mwaka 1928 alikamilisha darubini yenye kioo cha inchi 9. Sehemu zake nyingine alizitoa kwenye gari kuukuu aina ya Buick na kwenye mashine ya shambani ya kutenganishia malai na maziwa.

Kwa darubini hiyo aliangalia Mirihi na Mshtarii usiku baada ya usiku, akachora alichokiona, na michoro akaituma kwa barua katika Kituo cha Lowell kilichopo Flagstaff, Arizona. Alitaka tu ushauri wa wataalamu. Jibu lililorudi lilikuwa na maswali kuhusu afya yake na kama angeweza kufanya kazi usiku kwenye baridi. Barua zilizofuata zilimpa kazi ya majaribio. Januari 1929 alipanda treni kwenda Arizona, akiwa hana hata nauli ya kumrudisha nyumbani.

Hapa ni lazima tueleze kwa nini kituo hicho kilimhitaji kijana wa shamba. Mwanzilishi wake, tajiri Percival Lowell, aliamini kwamba nje ya Neptuni kulikuwa na sayari nyingine kubwa, aliyoiita Sayari X. Aliwaza hivyo kwa sababu Neptuni yenyewe ilipatikana mwaka 1846 baada ya mahesabu kuonyesha kwamba kuna kitu kinachoivuta Uranus. Lowell akadhani mahesabu ya namna hiyo yangempa sayari ya tisa. Aliitafuta kwa miaka mingi, akafa mwaka 1916 bila kuiona. Mjane wake akaingia katika kesi ndefu juu ya mirathi, na utafutaji ukasimama. Ulipofufuliwa kwa darubini mpya ya kupigia picha, mkurugenzi wa kituo, Vesto Slipher, alitafuta mtu mvumilivu wa kuiendesha. Wataalamu wenye majina walikuwa na kazi nyingine. Tombaugh alipewa darubini, na pamoja nayo akapewa kazi ya kuchochea moto wa tanuri, kuondoa theluji juu ya kuba, na kuwatembeza wageni.

Mtu aliyewahi kulala nje Ngarambe au kwenye visiwa vya delta, ambako usiku usio na mwezi huwa giza kweli, amewahi kuona namna sayari inavyotofautiana na nyota. Nyota zinatembea pamoja, kila moja ikibaki katika nafasi yake kati ya wenzake. Sayari kama Zuhura au Mshtarii huhama: wiki hii ipo karibu na nyota fulani, mwezi ujao imekwisha kuiacha. Kanuni hiyo ndiyo aliyoitumia Tombaugh, ila kwa kitu hafifu kisichoonekana kwa macho. Alipiga picha ya sehemu moja ya anga kwenye kibao cha kioo, kila picha ikichukua kama saa nzima huku yeye akiielekeza darubini ifuate nyota. Baada ya siku chache alipiga tena sehemu ileile. Kisha vibao viwili viliwekwa katika mashine maalumu iliyomwonyesha picha ya kwanza na ya pili kwa kupokezana haraka. Nyota zilibaki zimetulia. Chochote kilichohama kingeonekana kikirukaruka.

Inaonekana rahisi mpaka uhesabu. Kibao kimoja kilikuwa na nyota 160,000 kwa wastani, na vile vya upande wa Njia Nyeupe vilifika karibu milioni moja. Zote zilipaswa kupitiwa, kipande kwa kipande, kwa jicho. Tena asteroidi nazo huhama, kwa hiyo vitu vya kumdanganya vilikuwa vingi. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga kupiga picha sehemu ya anga iliyo mkabala na Jua, maana hapo umbali ambao kitu kimehama huonyesha kipo mbali kiasi gani. Utaratibu huo ulimpunguzia makosa mengi. Kwa maoni yetu, sifa yake kubwa ipo hapa kuliko katika siku yenyewe ya ugunduzi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 18 Februari 1930, saa kumi alasiri. Alikuwa akilinganisha vibao vya tarehe 23 na 29 Januari, katika kundi la nyota la Mapacha. Nukta moja ndogo ilihama. Ilikuwa imesogea kama milimita 3.5 tu, kidogo mno kwa asteroidi, na hivyo ilikuwa nje ya Neptuni. Alichukua kibao cha tatu kuhakikisha, akaikuta pale ilipotakiwa kuwa. Ndipo alipotembea hadi ofisi ya Slipher kumwarifu kwamba ameipata Sayari X. Usiku ule anga lilikuwa na mawingu, hakuna kilichoweza kupigwa picha, naye akaenda mjini kutazama sinema.

Kituo hakikutangaza mara moja. Walikaa wiki tatu wakiifuatilia, na tangazo likatoka tarehe 13 Machi 1930, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Lowell, ambayo pia ndiyo siku William Herschel alipoigundua Uranus mwaka 1781.

Sasa likaja suala la jina, na mapendekezo yalimiminika kutoka kila upande. Mjane wa Lowell alipendekeza Zeus, kisha Percival, kisha akataka lipewe jina lake mwenyewe, Constance. Wafanyakazi wa kituo hawakuvutiwa. Asubuhi ya tarehe 14 Machi huko Oxford, Uingereza, mzee Falconer Madan, aliyewahi kuwa mkuu wa maktaba ya Bodleian, aliisoma habari hiyo gazetini wakati wa kifungua kinywa. Mjukuu wake Venetia Burney, msichana wa miaka 11, alikuwa mezani. Venetia alipenda hadithi za Warumi wa kale, na shuleni alikuwa amecheza mchezo wa kupanga madonge ya udongo uwanjani kuonyesha umbali wa sayari kutoka kwenye Jua. Akasema jina la Pluto, mungu wa kuzimu, lingefaa. Babu alilipeleka kwa profesa Herbert Hall Turner, naye akalituma Marekani kwa simu ya maandishi. Majina matatu yalipigiwa kura kituoni: Minerva, Cronus na Pluto. La kwanza lilikuwa limekwisha kupewa asteroidi. La pili lilipendekezwa na mtu asiyependwa na wenzake. Pluto likapita kwa kura zote, likatangazwa tarehe 1 Mei 1930. Lilisaidiwa na jambo lingine: herufi zake mbili za mwanzo, P na L, ni za Percival Lowell. Babu alimzawadia Venetia paundi tano.

Tukiwa katika majina, mtahiniwa ajue kwamba hata majina ya kwetu yapo angani. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, Cyril Jackson akiwa Johannesburg aligundua asteroidi nyingi, na miongoni mwake zipo zinazoitwa Kenya, Uganda, Ruvuma na Mombasa. Kuhusu Pluto, jihadhari: baadhi ya vitabu vya zamani vya shule viliiita Utaridi, na jina hilo kwa asili yake ya Kiarabu ni la sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ambayo wengi tunaiita Zebaki. Ukiandika Pluto utakuwa salama.

Umaarufu haukumpa Tombaugh shahada. Mwaka 1932 alipata ufadhili na kujiunga na Chuo Kikuu cha Kansas akiwa na miaka 26. Profesa mmoja alimkatalia kusoma somo la utangulizi wa elimu ya nyota, akiona ni kichekesho mgunduzi wa sayari kukaa darasani na wanaoanza. Mwaka 1934 alimwoa Patricia Edson. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1936 na ya pili mwaka 1938. Wakati wa likizo alirudi Flagstaff na kuendelea kutafuta mpaka mwaka 1943, akagundua mamia ya asteroidi, lakini sayari nyingine hakuipata. Baada ya vita alifanya kazi katika kituo cha majaribio ya makombora cha White Sands, halafu kuanzia 1955 hadi 1973 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico.

Lakini je, Pluto ndiyo Sayari X ya Lowell? Sivyo. Lowell alitarajia kitu kizito mara kadhaa kuliko Dunia. Pluto ina kipenyo cha kilomita 2,377, ndogo kuliko Mwezi wetu, na haiwezi kuitikisa Neptuni. Mwaka 1989 chombo cha Voyager 2 kilipopita Neptuni, uzito wake ulipimwa upya na ile hitilafu ya mahesabu ikatoweka. Kumbe hapakuwa na kitu cha kutafutwa. Pluto ilipatikana karibu na mahali Lowell alipopataja kwa bahati tu, na kwa sababu Tombaugh hakuacha kipande cha anga bila kukipitia.

Alifariki tarehe 17 Januari 1997 huko Las Cruces, New Mexico, akiwa bado anaitetea Pluto kuwa ni sayari. Mwaka 2005 kiligunduliwa kitu kingine kinacholingana nayo kwa ukubwa, Eris, na tarehe 24 Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, uliokutana Prague, ulipiga kura kwamba sayari ni lazima izunguke Jua, iwe na umbo la mviringo, na iwe imesafisha njia yake. Pluto inashindwa sharti la tatu, kwa hiyo ikawekwa katika kundi la sayari kibete. Mtahiniwa anayeandika leo kwamba mfumo wa Jua una sayari tisa anatumia kitabu cha kaka yake. Ni nane. Mjane wake alieleza kuwa Clyde angesikitika, ingawa kama mwanasayansi angeelewa.

Miezi saba kabla ya kura hiyo, tarehe 19 Januari 2006, chombo cha New Horizons kilirushwa kuelekea Pluto kikiwa kimebeba sehemu ndogo ya majivu ya Tombaugh. Kilisafiri miaka tisa na nusu. Tarehe 14 Julai 2015 kilipita karibu na Pluto na kuleta picha za milima ya barafu na za uwanda mkubwa mweupe wenye umbo la moyo, ambao sasa unaitwa Tombaugh. Chombo hakikusimama. Kinaendelea kutoka nje ya mfumo wa Jua, na majivu ya yule kijana wa Burdett yamo ndani yake.