Al-Jazari: Fundi Aliyeyatia Maji Adabu

Tunapowataja wakubwa wa Kiislamu wa zama zilizopita, ndimi zetu zina njia zilizozoea kuipita. Tutamtaja Ibn Sina kwa utabibu, Al-Khwarizmi kwa hesabu, na Ibn Battuta kwa safari zake zilizomfikisha Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Hawa wana haki yao wala siwapunguzii. Lakini yuko mmoja ambaye ni nadra kumsikia akitajwa katika darasa zetu au katika mihadhara ya Ramadhani, nami naamini sababu ni moja: alikuwa fundi. Alifua shaba, akakata mabati, akaunga mabomba, mikono ikamjaa masizi. Na sisi watu wa pwani, tusifichane, humwamkia mwenye kalamu kabla ya mwenye nyundo.

Leo nataka kumweka fundi huyo mbele ya wasomaji wangu. Nitaanzia pahali ambapo pengine hamkupatarajia, nako ni chooni. Mtu asione haya. Dini yetu imetufunza adabu za kuingia chooni na za kutoka, na kitabu cha fikihi tulichosomeshwa utotoni hakikuanza na mirathi wala ndoa. Kilianza na maji.

Mimi nakaa Nairobi, mtaa wa Jamhuri, pembeni mwa Barabara ya Ngong, si mbali na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Nyumba za zamani za upande huu zina matangi ya choo ya mtindo wa Kiingereza. Siku moja tangi langu liligoma. Ukivuta mkono, maji hayaji. Ukivuta mara tatu, nne, yaja kidogo kisha yakakatika. Nikamwita kijana mmoja fundi wa mabomba, akafunua mfuniko, nami nikainama naye kutazama, maana tangu utotoni nilikuwa nikidhani kwamba chini ya tangi pana kizibo, na kwamba mkono ule kazi yake ni kukizibua.

Hapana kizibo. Ndani mna bomba lililopinda mfano wa kono la bakora. Mguu mmoja wa bomba hilo ni mpana, nao umezama majini; mguu wa pili wateremka, ukapenya sakafu ya tangi kuelekea chini. Ndani ya ule mguu mpana mna sahani yenye matundu, na juu yake kimelazwa kipande chembamba cha plastiki. Uvutapo mkono, sahani hupanda, plastiki hulala juu ya matundu ikayaziba, na maji yaliyo juu yake hunyanyuliwa mpaka yakaruka lile pindo na kuangukia upande wa pili. Basi, kazi ya mkono wako imekwisha. Maji yanayoanguka huacha nafasi nyuma yake, na hewa iliyo juu ya maji ya tangini hushindilia kwa uzito wake, ikayasukuma maji mengine yafuate njia ile ile. Yapitapo kwenye matundu huiinua plastiki na kwenda zake.

Kila mtu wa mjini amekwisha kuyaona haya kwa sura nyingine. Dereva akitaka kuhamisha petroli, hutia mpira katika tangi la gari, akafyonza mara moja, kisha akateremsha ncha ya mpira ndani ya mtungi ulioko chini. Petroli huja yenyewe, ikapanda kwanza ndipo ikashuka, na haikomi mpaka ncha ya juu ivute hewa. Na choo ni vivyo hivyo. Maji ya tangini yakishuka chini ya mdomo wa ule mguu mpana, hewa huingia, na ile kamba ya maji hukatika. Hapo boya, ambalo lilishuka pamoja na maji, huwa limefungua njia ya maji mapya. Tangi likijaa, boya hupanda likaifunga. Ugonjwa wa tangi langu ulikuwa kile kipande cha plastiki: kilichanika. Yule kijana alikata kingine kwa mkasi, akakitia, na mambo yakawa sawa.

Waingereza waliupenda mtindo huu katika karne ya 19 kwa sababu ya wazi. Kizibo kikichakaa, huvuja kimya kimya usiku kucha na mwenye nyumba asijue. Bomba lililopinda halipitishi kitu mpaka livutwe. Watu hulitaja jina la Thomas Crapper wa London, aliyefariki mwaka 1910, kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni siri hii. Yeye alikuwa mfanyabiashara hodari aliyeuza matangi ya namna hiyo. Siri yenyewe ni kongwe mno. Mafundi wa Kigiriki wa Iskandaria waliijua. Kisha katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad, Muhammad, Ahmad na Hasan, wana wa Musa bin Shakir, waliandika kitabu cha hila za vyombo, vipatavyo mia moja, na vingi kati yake viliendeshwa kwa bomba hilo lililopinda, kwa maboya na kwa vizibo. Miaka mia tatu na zaidi baada yao ndipo alipokuja mtu wetu.

Jina lake ni Abu al-Izz Ismail ibn al-Razzaz al-Jazari, na wa zama zake walimpa lakabu ya Badi al-Zaman, yaani ajabu ya zama. Hilo la Razzaz hutajwa kwa muuza mchele. Al-Jazari ni nisba ya nchi ya Al-Jazira, ile iliyo baina ya mito miwili ya Dijla na Furati. Mengi tuyajuayo juu ya maisha yake yametoka katika utangulizi wa kitabu chake mwenyewe, nao ni utangulizi wa mtu asiyependa maneno mengi.

Aliwatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq, Waturuki waliotawala Hisn Kaifa na viunga vyake. Mwaka 1183 Salahuddin al-Ayyubi aliuteka mji wa Amid, ambao leo huitwa Diyarbakır na uko Uturuki, akampa Nuruddin Muhammad wa ukoo huo. Ni mji wa kuta za mawe meusi juu ya mto Dijla. Hapo ndipo Al-Jazari alipofanyia kazi, akiwa na cheo cha mkuu wa kazi, yaani mkuu wa mafundi wa jumba la mfalme. Alimtumikia Nuruddin, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha ndugu wa huyu, Nasiruddin Mahmud. Jumla ya utumishi wake, kwa hesabu yake mwenyewe, ilikuwa miaka 25. Zilikuwa zama za vita. Salahuddin aliirudisha Baitul Muqaddas mwaka 1187. Watu walikuwa wakitazama panga, na fundi wetu alikuwa akitazama maji.

Huyu Nasiruddin Mahmud alikuwa na jambo moja lililomkera. Desturi ya majumba ya wafalme ilikuwa mtumwa au kijakazi kusimama na birika na kummiminia bwana wake maji ya kutawadhia. Mfalme hakulipenda hilo. Akamwomba fundi wake amtengenezee chombo kitakachommiminia maji bila ya mtu. Al-Jazari akatengeneza, si kimoja, bali namna kadhaa.

Nitaeleza kimoja tu. Ni beseni ambalo kando yake amesimama tausi wa shaba. Mwenye kutawadha huvuta kizibo kilicho mkiani mwa tausi, na maji yakatoka mdomoni. Maji yaliyokwisha kutumika hayamwagiki ovyo. Huteremka katika tumbo la chombo, ambamo mna boya. Yakifika kipimo, boya hupanda, likasukuma kijiti, mlango mdogo ukafunguka, na kikatoka kijisanamu cha mtumishi kikiwa na unga wa mmea wa kusafishia mikono. Maji yakizidi kupanda, boya la pili husukuma mlango wa pili, na mtumishi mwingine akatoka na kitambaa cha kujifutia. Najua wako watakaoguna kwa hizo sanamu. Mjadala huo una wenyewe. Mimi naomba tuiache sura ya nje, tutazame tumboni: boya lililoko kwa tausi ndilo lile lile lililoko katika tangi la Jamhuri. Maji yenyewe ndiyo yanayopima yamefika wapi, na maji yenyewe ndiyo yanayotoa amri.

Wako wanaosema siku hizi kwamba Al-Jazari ndiye aliyebuni choo cha kuvuta. Hilo si kweli, na hatuna haja ya kumpamba mtu wetu kwa nguo za kuazima. Chombo chake kilikuwa cha kunawia. Tangi la Kiingereza lina ukoo wake. Lakini bomba lililopinda na boya vyote viwili vimo katika vyombo vyake, na yeye alivitumia kwa ustadi ambao wachache waliufikia: kipimo cha maji kiachiliwe mara moja, kifanye kazi yake, kisha kikome bila ya mkono wa mtu.

Chanda chema huvikwa pete. Nasiruddin alipoona kazi zile, alimwamuru aziandike zisije zikapotea. Kitabu kilimalizika mwaka 1206, sawa na mwaka 602 wa Hijria. Wakati huo msikiti wetu wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ulikuwa umekaribia kutimiza miaka mia. Ndani yake mna vyombo 50, katika mafungu sita: saa za maji na za mishumaa, vyombo vya barazani, mabirika na mabeseni, chemchemi za bustani, mashine za kupandisha maji, na mengineyo. Katika hizo mashine mna pampu yenye pistoni mbili zinazopokezana, moja ikivuta na nyingine ikisukuma, pamoja na mkono wa kuzungusha unaogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Injini za leo hazikuacha kuitumia hila hiyo.

Lakini linalonifanya nimpende si wingi wa vyombo. Ni namna alivyoviandika. Anakwambia bati liwe la unene gani, bomba liwe la upana gani, utoboe wapi, uunge vipi, na ukisha kuunga ujaribu vipi. Alivisoma vitabu vya waliomtangulia, akaona kuwa elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa mikono husimama baina ya ukweli na makosa. Aliwarehemu wana wa Musa wa Baghdad na kuwasifu, kisha kwa adabu akasema kuwa chemchemi zao zilibadilika umbo haraka mno hata mtazamaji asiwahi kuona, akatengeneza zake zilizokwenda pole pole. Huo ndio mwendo wa mwanafunzi mwema: humwombea mwalimu wake, na kosa akalisahihisha.

Inasimuliwa kuwa alifariki mwaka huo huo wa 1206. Nakala ya kitabu chake iliyoandikwa wakati huo imehifadhiwa Istanbul. Mwaka 1974 mhandisi wa Kiingereza, Donald Hill, alikitoa kwa Kiingereza chote. Mwaka 1976 saa yake kubwa ya maji ikajengwa upya katika jumba la makumbusho ya sayansi la London, nayo ikaenda. Na mwaka 1979 ukatoka Aleppo mtungo wa Kiarabu uliosahihishwa na Ahmad al-Hassan. Baada ya miaka 770, fundi aliyezikwa alikuwa bado anafahamika na fundi aliye hai. Ni vitabu vingapi vya mashairi vinavyoweza kujisifu hivyo? Nasema hayo nami ni mtunga mashairi.

Sasa tutazame kwetu. Tangi la zamani la choo humeza lita 9 kwa mvuto mmoja, karibu nusu ya mtungi wa lita 20. Huku Jamhuri maji ya mfereji huja kwa zamu, na ukivuka kidogo tu ukaingia Kibera, ndugu zetu hununua maji kwa huo mtungi na kuubeba mgongoni. Tangi moja linalovuja mchana na usiku lamwaga maji ya kutawadhia watu wengi. Sote tumefunzwa kwamba israfu ya maji ni makuruhu hata katika udhu, hata mtu awe na mto mbele yake. Tumefunzwa hukumu, tulichokosa kufunzwa ni kufunua mfuniko.

Watoto wetu chuoni huhifadhi, na Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini mtoto akisema ataka kuwa fundi wa mabomba, wazee huona kama ameanguka. Nawaomba walimu, siku watakapofika mlango wa tahara, wamtaje pia Al-Jazari, wawaeleze watoto birika la tausi, kisha wawachukue hadi kwenye tangi la msikiti wawaonyeshe boya linavyopanda na linavyoshuka. Na anayetaka kujifunza kazi hiyo, wazazi wake wasimnunie. Aendapo na mkoba wake wa spana, ajue kwamba njia hiyo alipita kabla yake mtu aliyewatumikia wafalme watatu, ambaye maji yalimtii kwa sababu aliyasoma vizuri.