Ralph DePalma, Dereva wa Mashindano

Wengi katika Kidato cha Nne hupenda habari za motokaa, lakini jina la Ralph DePalma hawalijui. Nimeona yafaa niwaelezeni maisha yake kwa ufupi.

DePalma alizaliwa kusini mwa Italia, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake angali mtoto. Kwanza alishindana kwa baiskeli, halafu kwa pikipiki, mwisho kwa motokaa. Siku zile gari la mashindano lilikuwa halina paa, na ndani walikaa dereva na fundi wake.

Tarehe 30 Mei, 1912, alishindana katika uwanja wa Indianapolis, uliotandikwa matofali. Mizunguko yote ilikuwa 200, yaani maili 500. DePalma, katika gari lake la Mercedes, alitangulia tangu mzunguko wa 3, akaongoza mizunguko 196. Ilipobaki kidogo tu, chuma kimoja cha ndani ya injini kikavunjika. Gari likajikokota, kisha likasimama. Joe Dawson akapita, akashinda, naye alikuwa ameongoza mizunguko 2 tu!

Basi DePalma na fundi wake, Rupert Jeffkins, wakashuka wakalisukuma gari lile zito kuelekea mwisho, na watazamaji wakawashangilia sana. Hakununa, bali alimpongeza Dawson.

Mwaka uo huo, huko Milwaukee, gari lake liligongana na la Caleb Bragg, akaumia vibaya. Alipokuwa hospitali aliwaambia watu kwamba Bragg hana kosa.

Mwaka 1915 alirudi Indianapolis. Injini ikavunjika tena karibu na mwisho, lakini safari hii gari lilifika kwa taabu, naye akashinda. Mwaka 1919, huko Daytona Beach, aliendesha gari la Packard kwa mwendo wa karibu maili 150 kwa saa, mwendo ambao ulikuwa haujapata kupimwa kwa motokaa. Alifariki mwaka 1956.

Mimi naupenda mwaka wake wa 1912 kuliko ule wa 1915. Kufurahi baada ya kushinda hakumshindi mtu yeyote, lakini kusukuma gari huku mwenzako akishangiliwa ni kazi ya moyo. Nasi tulio karibu na mtihani, na wale wachezao mpira kwa ajili ya shule, tukumbuke kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.