David Bruce, munganga wa ngombe na watu

Wengi wetu tunachunga mbuzi, imbwa na nguruwe mu parseli moja. Mara mingi tunasema: ugonjwa wa mbuzi ni wa mbuzi, wa imbwa ni wa imbwa. Mutu mwenye kuonyesha kama haiko vile hakuwa hata munganga wa nyama, alikuwa munganga wa basoda.

David Bruce alizaliwa 1855 kule Melbourne, Australia, akakomalia Scotland. Na miaka 14 aliacha masomo, akaenda kufanya kazi mu depo ya Manchester. Kiisha alirudilia masomo, akatoka munganga ku Edinburgh mu 1881. Mu 1883 akaoa Mary Steele, akaingia mu jeshi ya Uingereza.

Mu 1894 walimutuma Zululand, Afrika ya Kusini, sababu ngombe zilikuwa zinakufa na nagana. Yeye na bibi yake walisafiri na gari ya kukokotwa na ngombe mpaka Ubombo, juu ya kilima, wakakaa mu nyumba ya udongo. Pale hakukuwa tsetse. Chini, mu bonde, zilijaa.

Mu damu ya ngombe wagonjwa Bruce aliona kadudu kadogo kenye kukimbia-kimbia kama nyoka. Akatia damu ile mu farasi na mu imbwa: nazo zikagonjwa, kadudu ni kalekale. Wengi walisema ugonjwa unatoka mu majani ao mu maji ya bonde. Bruce akashusha farasi kule, akazikataza kula na kunywa. Zikagonjwa tu. Halafu akapandisha tsetse ku kilima, zikauma farasi muzima, naye akagonjwa. Njo vile alijua muchukuzi ni nani.

Lakini ile tsetse inatosha kadudu wapi? Alikamata damu ya mboko na nyama zingine za pori, zenye kuonekana nzima kabisa, akatia mu imbwa. Imbwa zikagonjwa. Kumbe nyama ya pori inabeba ugonjwa bila kuanguka, ngombe inaanguka.

Mu 1899 wenye elimu waliita kale kadudu jina lake, Trypanosoma brucei. Mary, mwenye kufanya naye kazi ya mikroskopu na kuchora picha, hakupata jina. Sisi watu wa sendika tunajua namna ile ya kulipa. Na Wazulu wenye kushika ngombe na kukamata tsetse, majina yao miye sijayasoma hata siku moja.

Mu 1903 Bruce alifika Uganda, fasi watu wengi walikuwa wanakufa na ugonjwa wa usingizi pembeni ya ziwa Victoria. Akakuta ndugu ya kadudu kale, na tsetse tena. Mu 1910 wakaona kengine mu damu ya mutu mwenye kutoka Luangwa, hapa jirani, Zambia ya leo. Bruce akaenda Nyasaland mu 1911 kukatafuta mu nyama za pori, akasema ni kalekale ka nagana. Leo kanajulikana: ngombe inaweza kukabeba, na mutu akakapata.

Mary alikufa mu Novemba 1931. Siku ya kumuzika, njo Bruce naye alikufa.