Ibn Sina: tabibu aliyeandika vipimo vya kuchua mwili

Maneno tiba na kanuni tunayatumia kila siku. Yote mawili yamo katika jina la kitabu cha zamani cha Kiarabu, Al-Qanun fi al-Tibb, yaani Kanuni za Tiba. Aliyekiandika ni Abu Ali Ibn Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna. Karibu miaka 1000 iliyopita, tabibu huyu alieleza kuchua mwili, au masaji kama tunavyosema siku hizi, kwa namna ambayo bado inamfaa mtu anayekwenda kukandwa leo.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa ameshahifadhi Qurani. Tiba alianza kujifunza angali kijana, na baadaye alisimulia kwamba hakuiona kuwa elimu ngumu. Akiwa na miaka 17 hivi aliitwa kusaidia kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh ibn Mansur, na kwa huduma hiyo akaruhusiwa kusoma katika maktaba ya mtawala. Kwa kijana wa namna ile, hiyo ilizidi dhahabu.

Katika kitabu chake aliweka kuchua mwili pamoja na mazoezi, chakula na usingizi, mambo ya kulinda afya kabla mtu hajaugua. Alisema kuchua si kwa aina moja. Kuchua kwa nguvu hukaza mwili, na kuchua taratibu huulegeza. Kuchua kwa muda mrefu hukondesha, na kwa kiasi hunenepesha. Hilo la kunenepesha mimi nalitilia shaka, lakini hayo mawili ya mwanzo mkandaji yeyote mzoefu atakuambia ni kweli. Aliongeza kwamba kusugua kwa kitambaa kigumu huvuta damu ije juu ya ngozi.

Kisha akatenganisha kuchua kabla ya kazi na kuchua baada ya kazi. Kabla ya mazoezi mtu huanza kuchuliwa polepole, halafu nguvu inaongezwa kadiri muda wa mazoezi unavyokaribia, ili viungo vipate moto. Baada ya mazoezi shabaha ni kuondoa uchovu, kwa hiyo mkono uwe laini na mafuta yatumike.

Hapo ndipo wengi wetu hupoteza faida ya masaji. Mtu ameshinda shambani akilima, jioni anakwenda kukandwa na anadai akandamizwe mpaka machozi yamtoke, akiamini kuwa isiyouma haiponyi. Kesho yake anaamka na maumivu mapya juu ya yale ya jembe. Mwambie mkandaji umetoka kufanya kazi gani, wapi panauma, na mkono ukizidi sema hapohapo. Usiende ukiwa umeshiba sana. Na kama una homa, una jeraha bichi, unahisi mfupa umevunjika, au mguu mmoja umevimba na una joto, usikubali kuchuliwa, nenda kituo cha afya. Mjamzito naye aulize kliniki kwanza.

Mwenyewe Ibn Sina hakupata maisha ya utulivu. Utawala wa Bukhara ulipoanguka alihama mji hadi mji, mpaka akafika Hamadan, katika Iran ya leo, akawa tabibu wa mtawala na pia waziri wake. Mchana alikuwa kwenye kazi za serikali, usiku akifundisha na kuandika. Siasa zikamgeukia, akafungwa miezi kama minne katika ngome ya Fardajan, na humo gerezani akaendelea kuandika. Baadaye alitoroka akaenda Isfahan.

Mwanafunzi wake Juzjani, aliyekaa naye miaka mingi, aliandika kwamba mwalimu wake hakuwa na kiasi na mwili wake. Akiwa safarini na jeshi la mtawala wa Isfahan alishikwa na msokoto mkali wa tumbo. Aliogopa kuachwa nyuma, akataka apone haraka, akajitibu kwa kupigwa bomba la dawa mara 8 kwa siku moja. Utumbo ukapata vidonda. Waliomhudumia nao wakazidisha kipimo cha dawa, na mtumishi mmoja akamtilia afyuni nyingi kupita kiasi.

Alipona kidogo, akarudi kazini, ugonjwa ukarudi. Alipoona mwili umeshindwa aliacha kujitibu, akagawa mali yake kwa maskini na kuwaacha huru watumwa wake. Alifariki Hamadan mwaka 1037, akiwa na miaka 57 hivi. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na vyuo vikuu vya Ulaya vilikifundishia madaktari mpaka karne ya 17. Kaburi lake liko Hamadan, na watu bado hulizuru.