Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji na Wanagenzi Wake

Kila wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha huja na hoja ile ile: shule haina karatasi nzuri, haina brashi wala rangi, na kwa hiyo kipindi cha kuchora kimefanywa kipindi cha hesabu. Hoja hiyo ina uzito wala hatuibezi. Hata hivyo tungependa kuipima kwa maisha ya mkazi mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji hata wengi wakasahau kwamba lilikuwa jina la mtu. (Wapo wanafunzi wadhanio kuwa latokana na ile mashine ya kuchongea barabara.)

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Elimu yake ya shule ilikuwa haba. Katika ujana wake alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa kusini, na kutoka huko akahamia Dar es Salaam, ambako alikuwa mtumishi wa nyumbani na wa bustani, kisha mtu wa vibarua. Hakupata kuingia chuo chochote cha sanaa.

Alianza kuchora picha za kuuza yapata mwaka 1968, yaani mwaka mmoja tu baada ya kutangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Husimuliwa kwamba aliziona picha za wachoraji wa Kongo zikitembezwa mjini na kununuliwa, naye akaona kuwa kazi hiyo aiweza. Hapa ndipo tunapomwomba mwalimu atazame vifaa vyake kwa makini. Hakutumia turubai la wachoraji, bali hadibodi, ule ubao mwembamba wa kutandikia dari, aliokata vipande vya mraba vyenye upande wa kiasi cha sentimeta 60. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia milango na baiskeli, ambayo hata leo yapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo.

Vifaa hivyo ndivyo vilivyoamua sura ya picha. Rangi ya namna hiyo hung'aa, hukauka ikiwa ngumu, nayo haichanganyiki kwa upole kama rangi za maji. Kwa hiyo alipaka kwanza usuli wa rangi moja au mbili, akaacha ukauke, kisha akaweka juu yake mnyama mmoja au ndege, mwenye mipaka iliyo wazi na madoa mengi. Hamna kivuli, wala hamna umbali wa mbele na nyuma. Chui wake si chui wa picha ya kamera. Ni umbo lililopangwa ndani ya mraba, kama mfinyanzi apangavyo nakshi zake shingoni mwa mtungi. Kwa maoni yetu huo si upungufu wa ustadi, na mwalimu anayemsahihisha mtoto wa darasa la pili kwa sababu tembo wake ni mwekundu hana budi kulifikiri jambo hili.

Picha zake ziliuzwa Oyster Bay, nje ya duka la Morogoro Stores, na mkewe alisaidia katika kuuza. Wateja wengi walikuwa wageni. Biashara ilipokua aliwachukua wanagenzi, baadhi yao wakiwa jamaa zake: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Hawakufundishwa kwa mihadhara. Walijifunza kwa kukaa kando ya mchoraji, kutazama na kutenda.

Wako wanaoilaumu njia hii kwamba huzaa waigaji, nasi tunakiri kuwa picha nyingi zilizokuja baadaye zafanana mno, kwani mnunuzi alitaka ile ile aliyoiona jana. Lakini yafaa kutofautisha. Mwanagenzi aliiga namna ya kushika brashi, ya kungoja rangi ikauke, ya kujaza mraba. Hayo huigwa katika kila ufundi. Soko ndilo lililomtaka aige pia mnyama. Darasani hakuna soko, hivyo mwalimu aweza kuonyesha ubaoni namna ya kutenda, kisha akafuta mchoro wake kabla watoto hawajaanza wa kwao.

Tingatinga mwenyewe hakuiacha ajira. Alipata kazi katika Hospitali ya Muhimbili, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, akawa anachora katika saa zake za mapumziko. Usiku mmoja wa mwaka 1972, akiwa ndani ya gari, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na kazi yake yote ya uchoraji ilikuwa imechukua miaka isiyozidi mitano.

Wanagenzi wake waliendelea pale pale Oyster Bay, wakawafundisha wengine kwa njia ile ile, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika.