Gisaro Muhoza, mjumbe wa Uvira: maisha yake na somo kwetu tuliorudi



Mnajua desturi ya gazeti letu: tunapenda kuleta maisha ya mtu aliyetutangulia katika nchi hii yetu, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, na huko juu milimani. Safari hii tumemchagua marehemu Frédéric Gisaro Muhoza, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kutoka Uvira kwenda Baraza la Kutunga Sheria la Zaire.

Tusifichane: jina lake linagusa. Katika chama chetu kuna wanaomtaja kama mzazi, na kuna wanaosema kwamba yeye ndiye aliyeleta matata. Komite ilikaa, tukabishana, mwisho tukakubaliana tuandike. Juu mtu asiposimuliwa vizuri, kila mmoja anamtengeneza kivyake, na watoto wetu wanabaki na fitina tu.

Gisaro alikuwa Munyamulenge, mtoto wa wafugaji wa nyanda za juu, zile unazoziona ukisimama kando ya ziwa na kutazama upande jua linapozama. Nyanda zile zimegawanyika katika teritwari tatu: Uvira, Fizi na Mwenga. Mgawanyiko huo ndio mzizi wa habari yote ya Gisaro. Wabelgiji walipopanga utawala wa kimila, watu wake hawakupata sheferi ya kudumu. Waliwekwa chini ya wakubwa wa majirani: huku Bavira na Bafuliiru, kule Babembe na wengine. Kila palipokuwa na neno la kodi, malisho au cheo, walikuwa ni wachache katika kila sheferi, ijapokuwa wote pamoja walikuwa watu wengi.

Halafu ikaja vita ya 1964, ile wazee wanaiita ya Mulele. Mwezi wa tano mwaka ule Wasimba waliteka Uvira. Mwanzoni mlimani wengine walikaa pembeni na wengine walijiunga. Lakini ng'ombe zilipoanza kuchukuliwa, wengi waligeuka wakashirikiana na jeshi la serikali. Hapo kukaingia kidonda kati yao na majirani, hasa Babembe, na kidonda kile hakijapona mpaka leo. Vita iliposhuka, familia nyingi ziliteremka Uvira, Baraka na Bukavu, na watoto wao wakaanza kuingia shuleni. Katika miaka hiyo ndipo watu wa mlimani walipata wasomi wao wa kwanza.

Gisaro ni mmoja wa wasomi hao. Kabla ya siasa alikuwa mtumishi wa utawala katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kazi ya namna hiyo ilikuwa heshima kubwa, tena ilimfundisha kitu ambacho mfugaji wa mlimani hakukijua: namna ofisi inavyofanya kazi, barua inaandikwaje, inapelekwa kwa nani, na muhuri una nguvu gani.

Jambo lililomfanya ajulikane ni jina. Zamani watu wake waliitwa Banyarwanda. Lakini kuanzia 1959 wakimbizi walitoka Rwanda wakaingia Kivu, na watu wakaanza kuchanganya waliofika zamani za mababu na waliofika jana. Gisaro na wasomi wenzake waliona hatari. Walishika jina Banyamulenge, yaani watu wa Mulenge, mahali palipo katika teritwari ya Uvira. Jina lenyewe hakulibuni peke yake, lakini ni yeye aliyelisukuma kuliko wengine katika miaka ya 1970, ili liingie kwenye ofisi na kwenye vinywa vya watu. Shabaha ilikuwa wazi: mtu ajulikane kwa mlima anaoishi, mlima ulio ndani ya Zaire.

Majirani hawakuipokea hivyo, na lazima tuwape haki yao. Mulenge iko katika nchi ya Bafuliiru. Kwa Mfuliiru, kusikia watu wengine wakijiita kwa jina la kijiji chake kulikuwa kama kusikia mgeni akijiita kwa jina la baba yako: unajiuliza kama kesho hatadai na nyumba. Pande zote mbili zilikuwa na hofu, na kila upande ulidhani hofu ni ya kwake peke yake.

Mwaka 1977, baada ya vita ya kwanza ya Shaba, Rais Mobutu alilegeza mambo kidogo. Chama kilibaki kimoja, MPR, lakini watu waliruhusiwa kuchagua kati ya wagombea wengi, siyo kupiga makofi uwanjani kama mwaka 1975. Katika uchaguzi ule Gisaro alipita, akawa kamisaa wa watu, kama wajumbe walivyoitwa wakati ule. Kwa watu wa mlimani ilikuwa ajabu kubwa: mtoto wao anakaa Kinshasa pamoja na wajumbe wa nchi nzima.

Msimamo wake wa siasa tunaweza kuueleza kwa mambo matatu. La kwanza, aliamini njia ya sheria na ya karatasi. Hakuchukua bunduki wala hakuenda msituni. Aliingia katika chama kilichokuwepo na kutafuta haki za watu wake humo humo. La pili, aliamini elimu, maana yeye mwenyewe aliletwa na kalamu. La tatu, na hilo ndilo lililozua maneno, alitaka watu wake waliotawanyika Uvira, Fizi na Mwenga wapate eneo moja la utawala, wawe na mkubwa wao na sauti yao.

Hili la tatu halikutimia. Wakubwa wa kimila waliona ni kukatiwa ardhi. Mwaka 1980 Gisaro alifariki, akiwa hajamaliza hata miaka minne tangu achaguliwe, na mpango wake ukazikwa pamoja naye.

Yaliyofuata yanaonyesha alikuwa akishindana na nini. Sheria ya 1972 ilikuwa imekubali uraia wa watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Lakini tarehe 29 Juni 1981, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, sheria mpya iliivunja ile. Sasa mtu alitakiwa kuonyesha kwamba mababu zake walikuwa wa kabila lililokuwa katika mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Ni nani kati yetu, wa kabila lolote, ana karatasi ya 1885? Katika uchaguzi wa 1982 wagombea Banyamulenge walikataliwa kwa sababu ya uraia. Mwaka 1987 walikataliwa tena, na safari hiyo watu wa mlimani wakavunja masanduku ya kura. Pale kalamu ya Gisaro iliposhindwa, hasira ilichukua nafasi. Mwaka 1996 ikaja vita, na habari ya vita ile hatuna haja ya kuwasimulia: ndiyo iliyotupeleka wengi wetu Lugufu, Nyarugusu na Burundi, Bafuliiru na Bavira, Babembe na Banyamulenge.

Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilirekebisha: Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilifanya nchi iliyokuwa Kongo wakati wa uhuru, na Katiba ya 2006 inasema vivyo hivyo. Lakini swali la eneo la utawala bado linachoma. Mwaka 2020 lilirudi kwa jina la komine ya Minembwe, kelele zikawa nyingi nchi nzima, na jambo likasimamishwa.

Sisi tunasema nini juu ya Gisaro? Tunasema alikuwa na haki ya kutafuta watu wake watambuliwe, na njia aliyochagua ilikuwa njia ya amani. Tunasema pia kwamba mpaka wa ardhi hautoki Kinshasa tu kwa muhuri. Ukiuchora bila kukaa na jirani, jirani atausoma kama vita. Jambo hilo halikumshinda Gisaro peke yake. Limewashinda na wengi waliokuja nyuma yake.

Ndiyo maana chama chetu kina kikao cha vijiji kabla ya kugawa shamba au kurudisha kiwanja. Na ndiyo maana tunawasumbua kila mara juu ya karatasi. Ndugu, mtoto akizaliwa mpeleke kwa ofisi ya serikali ndani ya siku 90, usingoje. Wale waliozaliwa kambini, leteni karatasi zote mlizorudi nazo, hata kama zimechakaa, tutafuatana nanyi mpaka ofisini. Wafadhili wetu, mchango wenu wa nauli na wa gharama za mahakama ndio unaofanya mtoto wa mlimani na mtoto wa kando ya ziwa wote wawe na jina linaloandikwa.

Gisaro alitafuta jina kwa watu wake. Sisi tunatafuta kwamba kila jina la Uvira liandikwe, na lisomwe na jirani bila woga.

Mungu awalinde. Ni sisi, komite yenu.