Charles Richet, mganga aliyegundua hatari ya kipimo cha pili

Mganga Mfaransa Charles Richet alizaliwa mjini Paris tarehe 26 mwezi wa nane mwaka 1850, akawa profesa wa fiziolojia mjini humo.

Mwaka 1901 yeye na mwenzake Paul Portier walisafiri katika meli ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya wanyama wa baharini. Waliporudi Paris walijaribu sumu hizo kwa mbwa. Walitumaini kwamba kipimo kidogo kitauzoeza mwili. Ikawa kinyume. Mbwa Neptune alivumilia sindano ya kwanza bila shida. Majuma machache baadaye akadungwa tena, akashindwa kupumua na kufa palepale. Hali hiyo Richet aliiita anafilaksia, na mwaka 1913 akapewa tuzo ya Nobel.

Ugunduzi huo ungali unalinda wagonjwa. Anayetibiwa alerji kwa kidonge cha chini ya ulimi hupewa kidogokidogo kitu kilekile kinachomsumbua, kama vumbi au chavua. Njia hii ni salama kuliko sindano: mara nyingi mdomo huwasha tu, na anafilaksia ni nadra sana. Hata hivyo, kidonge cha kwanza hutolewa mbele ya mganga, na mgonjwa hungoja dakika 30 kabla ya kurudi nyumbani. Mwenye pumu isiyotulia hapewi.

Richet alifariki Paris tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1935, akiwa na miaka 85.